Saa ya Kula, Saa ya Kura

Sehemu ya tisa: Sauti nyuma ya pazia

Lile neno halikuwa lake.

Waruguru alisimama kwenye duka la kanda mjini Thika, sikio moja karibu na spika, na kwa mara ya nne akamwomba mwenye duka arudishe nyuma. Wimbo ulikuwa wake. Pumzi ilikuwa yake. Hata kile kikohozi kidogo kabla ya ubeti wa pili kilikuwa chake, alikikohoa mwenyewe mwezi wa Mei akiwa na mafua. Lakini kila sauti ilipofika mahali pa neno moja, palikuwa na mtu mwingine.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hawajafika ukurasa huu, jambo lenyewe ni hili. Katuni ya Konokono Mpishi, yule mwenye hoteli ndani ya gamba lake, ambaye kila Jumamosi jioni huwafanya watoto wa Ruiru wasahau kuteka maji, imetolewa kanda ya nyimbo kwa Kiswahili. Wimbo mkuu ni "Saa ya Kula". Aliyeuimba ni Waruguru, msichana wa darasa la saba. Na jalada aliloshika mkononi lilisema vingine.

"Msichana, umesikiza mara nne," mwenye duka akasema. "Utanunua, ama unasomea mtihani hapa?"

"Hii sauti ni yangu."

Mwenye duka akatazama jalada. Akamtazama Waruguru. Akalitazama jalada tena, taratibu, kama askari wa mpakani.

"Huyu wa hapa ana mtandio," akasema. "Wewe huna."

Kwenye jalada alisimama msichana kando ya Konokono, ameshika upawa, anatabasamu kama mtu aliyepika. Chini yake palichapishwa: MWIMBAJI, ZAHRA AYUB.

Zahra. Jirani yake wa Ruiru, mwenzake wa dawati moja tangu darasa la kwanza. Na lile neno moja lisilo lake, sasa alilitambua. Lilikuwa la Zahra.

"Basi ni sauti ya huyo," mwenye duka akahukumu. "Leta kanda yangu."

Hapa lazima tuzungumzie herufi. Waruguru alikuwa na ulimi wa kwao, ulimi usioamini kwamba L na R ni watu wawili tofauti. Kwa heshima ya familia, maneno yake yataandikwa humu kama alivyokusudia kuyasema, isipokuwa pale ambapo herufi yenyewe ndiyo kesi. Na kesi ni hii: alipoimba "saa ya kula", kilichoingia kwenye kanda kilikuwa "saa ya kura".

Mwaka mwingine wowote, watu wangecheka na kuendelea na chai yao. Lakini huu ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba, na kura yenyewe ilikuwa mlangoni.

* * *

Studio ya Macharia, aliyerekodi ile kanda, ilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, kuta zake zimebandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Macharia alikuwa mtu wa tai. Alifundisha kwaya miaka kumi kabla ya kugundua kwamba kwaya haina jalada.

"Waruguru, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakutafuta."

Uongo huo ulikuwa wa kwanza siku hiyo, na ulikuwa mdogo.

"Umekata neno langu."

"Mara kumi na sita," Macharia akajibu, kwa fahari ya fundi. "Siku mbili nzima na wembe. Kila mahali uliposema kura, nimebandika kula. Hata mashine haijui."

"Mimi najua."

"Wewe si mnunuzi."

Waruguru akaweka jalada mezani. Hakulia. Alikuwa ameamua njiani kwamba hatalia mbele ya trei za mayai.

"Kaa chini nikuambie," Macharia akasema. "Hebu imba kiitikio. Polepole, na usikilize unachosema."

Waruguru akaimba, kwa sauti ya chini:

*Saa ya kura, saa ya kura,*
*mkubwa inuka, mdogo keti,*
*zamu yako imekwisha,*
*tuletee wengine sahani.*

"Sasa umesikia?" Macharia akauliza. "Huyo mkubwa ni Ndovu, amekalia benchi ya Konokono tangu asubuhi. Lakini weka kura hapo mwanzo uone. Chifu alisikia watoto wakiruka kamba nje ya ofisi yake wakiimba hivyo. Akaniita. Akaniuliza mkubwa ni nani. Nikamwambia ni ndovu. Akaniuliza, ndovu ni nani?"

Macharia akatazama mlangoni.

"Kanda zote za kwanza zilibebwa kutoka madukani na askari wake. Zilikuwa na jina lako. Akanitaka nikulete. Nikamwambia umehamia Nyahururu kwa shangazi. Nimekuficha, mwanangu."

"Umenificha ndani ya Zahra."

Macharia akaivuta tai yake kidogo.

"Jumamosi saa nane mchana tunazindua kanda, ukumbi wa mji, hapa Thika. Bi Nekoye wa ofisi ya Konokono anakuja kutoka Nairobi na mpiga picha. Anataka kumsikia Zahra akiimba mbele ya watu."

"Zahra hawezi kuimba."

"Zahra akiimba watu wataenda nyumbani," Macharia akakubali. "Ndiyo maana nakuhitaji."

Huo ndio uliokuwa ukweli wa kwanza siku hiyo, na ulikuwa mkubwa. Mpango ulikuwa rahisi kama wizi wote mzuri. Zahra angesimama jukwaani na maikrofoni. Waruguru angekaa nyuma ya pazia na nyingine. Waruguru angeimba kila kitu, akifika kwa lile neno anyamaze, na Zahra aliseme yeye.

"Na chifu?"

"Nimemwalika. Atakaa mbele kabisa, asikie kwa masikio yake kwamba tumerekebisha."

"Kwa nini nikubali?"

"Kwa sababu kuna kanda ya pili, mwezi wa Desemba. Jifunze neno moja, moja tu, na jalada ni lako. Jina lako, picha yako, upawa wako."

Waruguru hakufikiria upawa. Alifikiria mama yake.

Ngendo alichuma kahawa kwenye shamba moja nje ya Ruiru, na mwezi wa Mei hapakuwa na mstari wa kahawa ambao haukusikia kwamba binti yake ameimbia Konokono. Aliwaambia kanisani. Aliwaambia kisimani. Kisha kanda zikatoweka, asibaki na hata moja ya kuwaonyesha. Sasa wanawake wa shamba walimwita Mama Redio, na haikuwa sifa. "Mama Redio, leo mtoto anaimbia stesheni gani?" Ngendo alicheka nao siku mbili. Siku ya tatu aliacha kwenda kwenye kikundi chake cha Alhamisi, na nyumbani akawa anapika bila kusema neno.

Jina kwenye jalada lingemrudishia mama yake mdomo.

"Nitaimba," Waruguru akasema.

* * *

Zahra alikuwa kibarazani kwao, nyuma ya msikiti wa Ruiru, anachambua mchele kwenye ungo.

"Niaje," akasema, bila kuinua macho.

"Usiniambie niaje."

Mkono wa Zahra ukasimama juu ya mchele. Waruguru akaweka jalada katikati ya ungo, uso juu.

"Macharia aliniita nikaseme kula," Zahra akasema. "Kula, kula, kula, karibu mara ishirini. Akasema ni ya kukufundishia. Nikasema poa, nimsaidie rafiki yangu."

"Na picha? Hiyo pia ilikuwa ya kunifundishia?"

Zahra akaokota kokoto kwenye mchele.

"Zahra. Na picha?"

"Picha nilijua."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu umekaa na mimi dawati moja. Umenikopa raba. Umenikopa rula."

"Ungefanya nini ukiwa mimi?" Zahra sasa aliinua macho, na yalikuwa makavu na makali. "Mimi hakuna mtu amewahi kuniambia nisimame mbele. Kwaya ya shule nabeba ngoma. Siku hiyo moja mtu akaniambia, Zahra, shika upawa, tabasamu. Nikatabasamu. Na wewe ulivyo na maringo, Mwalimu alikuambia mara ngapi urekebishe hiyo neno? Ulisema nini? 'Watu wataelewa.' Haya, wameelewa, Walugulu."

Walugulu lilikuwa jina lao la mchezo, la tangu wakiwa na meno ya utoto. Siku hiyo lilitoka bila mchezo wowote.

Waruguru alitaka kuupiga teke ungo. Aliuona mchele ukiruka, akauona ukianguka, akasikia raha yake yote. Kisha akaketi.

"Nifundishe," akasema.

"Nini?"

"Hiyo herufi. Umechukua jina langu lote. Nipe herufi moja."

Zahra akalitoa jalada kwenye mchele, akalifuta vumbi la pumba, akaliweka kando.

"Weka ulimi nyuma ya meno ya juu. Uache hapo. Usiutikise. Sema la."

"Ra."

"Umeutikisa. La."

"Ra."

"Si wimbo, Waruguru. Ni la. La ya kukataa. Mtu amekuja kuomba kitu chako na hutaki kumpa."

Waruguru akalitazama jalada.

"La," akasema.

Ilitoka safi, nzito, imenyooka kama ya mtu aliyezaliwa Lamu.

Hakuna aliyecheka. Zamani wangecheka mpaka mama yake Zahra atoke na mwiko.

Walifanya hivyo siku tano, kwa kuwa ilikuwa likizo ya Agosti na hapakuwa na mwalimu wa kuwatenganisha. Waruguru alikuja asubuhi, akaketi, hakusalimu. Zahra alifundisha jinsi alivyojua, kwa kuonyesha ubaya kwanza na uzuri baadaye. "Usiseme kura, sema kula. Usiseme kura, sema kula." Mara mia kabla ya saa sita, mara mia baadaye. Jumatano Waruguru alisema kula mara kumi mfululizo bila kukosea. Alhamisi, Zahra alimuaga baba yake Ayub, fundi viatu, kwa kumwambia, "Baba, naenda kurara." Ayub aliweka kiatu chini akacheka peke yake. Zahra hakuelewa anachekwa nini.

Ijumaa Waruguru alisimama kuondoka, na kitu kimoja hakukisema. Hakusema kwamba kesho, lile neno litakapofika, hatanyamaza. Angelisema mwenyewe, kwa herufi yake mpya, kwa sauti yake yote, ili Bi Nekoye wa Nairobi asikie hakuna mahali palipobandikwa.

"Kesho basi," Zahra akasema.

Waruguru alikuwa ameshafika kwenye lango.

* * *

Saa nane kamili ukumbi ulijaa watoto, puto na jasho. Konokono wa mbao, mrefu kama mlango, alisimama jukwaani akiwa na upawa uliopakwa rangi ya fedha. Safu ya mbele, katikati kabisa, aliketi chifu, kofia magotini, fimbo juu ya kofia, daftari juu ya fimbo. Kulia kwake Bi Nekoye, mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa anajipepea kwa jalada la kanda. Ayub alikaa kando ya mlango na kofia yake nyeupe, amevaa koti la Idi.

Nyuma kabisa, peke yake kwenye benchi, alikuwa Ngendo. Waruguru alimwona kupitia tundu la pazia. Hakuwa amemwambia mama yake lolote. Nani alikuwa amemwambia kuna uzinduzi? Huenda ni wale wanawake wa kahawa, kwa kumchoma.

"Ukikohoa leo nitakuua," Macharia akamnong'oneza, akamweka mbele ya maikrofoni, akaenda kwenye mashine.

Muziki ukaanza. Zahra, upawa mkononi kama kwenye jalada, akafungua mdomo, na ukumbini ikaingia sauti ya Waruguru.

Watoto wakanyamaza wote kwa pamoja. Ubeti wa kwanza ulipita kama maji. Bi Nekoye aliacha kujipepea. Hata chifu alianza kutikisa kidole kimoja, kidogo, kwa kiwango kinachoruhusiwa kwa mtu wa serikali.

Kikaja kiitikio.

Waruguru akaweka ulimi nyuma ya meno. Akauacha hapo.

"Saa ya kula," akaimba, na ilikuwa safi kuliko siku zote tano.

Jukwaani Zahra alisikia neno lake likitoka nyuma yake. Alishtuka. Alijua zamu yake ni hii, alijua lazima aseme kitu, na midomo mia mbili ya watoto ilikuwa wazi mbele yake ikimsubiri. Alifunga macho akatafuta lile neno, na kati ya yale mawili aliyokuwa ameyarudia wiki nzima, ulimi wake ukashika lililo karibu.

"Kura," Zahra akasema, ndani ya maikrofoni.

Chifu akasimama.

"Zima hiyo kitu."

Macharia akazima. Puto moja likapasuka mahali fulani, na mtoto akaanza kulia, akanyamazishwa.

"Nimesikia mbili," chifu akasema. Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Moja ilikuwa ya chakula. Nyingine ilikuwa ya ile nyingine. Nani amesema ile nyingine?"

Zahra aliukumbatia upawa.

"Kwa nini kuna sauti mbili?" Bi Nekoye akauliza.

"Ni mwangwi, madam," Macharia akasema. "Huu ukumbi una mwangwi mbaya."

"Si mwangwi."

Watu wakageuka. Ngendo alikuwa amesimama juu ya benchi, mikono kiunoni, na ule mdomo uliofungwa tangu mwezi wa saba ulikuwa umefunguka.

"Hiyo sauti ni ya mtoto wangu, Waruguru," akasema. "Yuko hapo nyuma. Hata mkicheka, mimi ndiye nilimzaa na ninamjua. Ni yeye aliimba kwa kanda na ni yeye ameimba saa hii. Yote. Kila neno."

"Kila neno?" chifu akauliza.

"Kila neno, mzee."

Chifu akafungua daftari. Hapo ndipo Ngendo aliposhuka kwenye benchi, polepole, kama mtu aliyesikia mlango ukijifunga nyuma yake.

Pazia likavutwa. Waruguru alisimama mbele ya watu wote ambao mwezi mzima alikuwa amewaota, na hakuna aliyepiga makofi.

"Wewe," chifu akasema. "Sema hilo neno."

"Neno gani, mzee?"

"La wimbo. Unalijua."

Waruguru alimtazama Zahra. Walitenganishwa na hatua tatu tu. Na Zahra, machozi yakimshuka, alikuwa amefungua mdomo kidogo, bila sauti, ulimi wake umesimama nyuma ya meno ya juu. Alikuwa anamwonyesha. Hata sasa alikuwa anamwonyesha.

Angeweza kusema kura. Hilo lazima lieleweke. Ulimi wake bado uliijua njia ya zamani, na kwa neno moja la kukosea, kosa lingerudi nyumbani kwake na Zahra angeshuka jukwaani aende kwao. Aliliona hilo vizuri. Kisha akaliona jalada, na ule upawa, na wiki tatu za dawati moja.

"Kula," Waruguru akasema.

Ukumbi ukapiga makofi. Watoto walipiga miguu chini.

"Basi ni wewe," chifu akamwambia Zahra. Akachukua jalada mkononi mwa Bi Nekoye, akalisoma, akalisoma tena. "Na jina lako liko hapa, limechapishwa. Zahra Ayub. Baba yako ni nani?"

"Ayub," Zahra akasema, kwa sauti ndogo.

"Aje ofisini aeleze nyumba yake hufundisha watoto nini. Na wewe uje naye."

Askari wawili wakampitisha Zahra katikati ya viti. Alikwenda na upawa wake, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia auache.

* * *

Ya duniani huenda haraka. Kabla Zahra hajafika mlangoni, Bi Nekoye alikuwa jukwaani.

"Kwa hivyo ni wewe wakati huu wote?"

"Nilitaka iwe zawadi kwenu, madam," Macharia akaingilia, tai mkononi. "Nilikuwa nimempanga atokee mwisho."

"Jina lako nani?"

"Waruguru wa Ngendo."

Bi Nekoye akaandika. Aliliandika lote, bila kukosea, kwenye karatasi yenye picha ya Konokono juu. Ngendo alikuwa amefika jukwaani naye, akaushika mkono wa binti yake kwa nguvu, na mpiga picha akawaambia wasimame kando ya Konokono, mama kulia, mtoto kushoto.

Hapo Ayub akapanda ngazi.

Alikuwa ameshika kofia yake nyeupe mikononi. Hakuwatazama wakubwa. Alimtazama Waruguru peke yake.

"Mwanangu," akasema. "Chifu anasema kwangu tunafundisha watoto siasa. Nimemwambia mimi nashona viatu. Anasema nilete mtu mmoja asiye wa jamaa yangu, anayejua nyumba yangu, amwambie. Mmoja tu, ataniacha." Akameza mate. "Wewe unaijua. Umekula kwangu miaka saba. Njoo hapo kwa gari, useme tu hivyo."

Waruguru alihisi mkono wa mama yake, wenye magamba ya kahawa, joto ndani ya wake.

"Mzee, huyu mtoto ana kazi hapa," Macharia akasema. "Kama chifu akimwona karibu na nyinyi, jina lake litafutwa tena, kanda itabebwa tena, na hakuna Desemba. Hata hakujui, si ndiyo? Waruguru, si ndiyo?"

Bi Nekoye aliinua kalamu, akangoja. Mpiga picha akangoja.

"Simjui sana," Waruguru akasema.

Hapakuwa na L ndani yake wala R. Yalitoka bila taabu yoyote.

Ayub aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei akaikubali. Akavaa kofia. Akashuka ngazi.

Na mkono wa Ngendo ukatoka mkononi mwa binti yake.

"Mama," Waruguru akasema. "Picha."

Ngendo alimtazama tu, jinsi alivyokuwa akimtazama akiwa mdogo, Idi inapofika, anapompa sahani iliyofunikwa na kitambaa ampelekee mke wa Ayub, na kumwambia asiimwage njiani. Kisha akajifunga leso vizuri kiunoni, akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti vyote vile, mbele ya kila mtu aliyewahi kumwita Mama Redio, akatoka nje.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Waruguru aliona Land Rover ya chifu juani, Zahra na Ayub wameshaketi nyuma, na mama yake akiugonga mlango wa mbele kwa kidole, kwa adabu.

"Mzee," sauti ya Ngendo ikasikika mpaka jukwaani, maana sauti ya nyumba ile haikuanza na Waruguru. "Hawa hawana makosa. Huyu msichana amekosea kwa kukaa na wetu. Hiyo neno ni ya kwangu, tangu kwa nyanya yangu. Sisi nyumbani tukitaka kura, tunasema kura."

Chifu alitoa daftari dirishani.

"Rudia," akasema.

"Tukitaka kura," Ngendo akarudia, polepole ili aandike vizuri, "tunasema kura."

Chifu akaandika kila neno, na R zake zote mbili. Kisha akashuka kwenye gari, akazunguka nyuma, akafungua mlango, akamwonyesha Ngendo pa kukaa.

"Tazama huku," mpiga picha akasema. "Tabasamu."